Jaketi za Korongo

Siku ya khitma ya baba, wanawake waliokuja kunipa mkono waliniambia neno moja kama waliopangiana: baba yako alikuwa mkweli, ulimi wake ulikuwa mmoja. Niliitikia amin, amin, nikaendelea kugawa halua. Ni kweli ulimi wake ulikuwa mmoja. Wa pili ulikuwa wangu, na mimi ndiye ninayejua ulivyotumika. Marehemu hasemwi, nami nimejizuia arubaini nzima, lakini arubaini imekwisha na moyo wangu haujapoa.

Nilikuwa na miaka tisa aliponichukua kwenda Guangzhou. Mama alikuwa ameshaachwa, yuko kwao Kikwajuni, na baba alimwambia ananipeleka kusoma. Skuli haikunipokea kwa sababu hatukuwa na karatasi zinazotakiwa, naye hakuhangaika kuzitafuta. Tuliishi chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya sita, kwenye nyumba ambayo ngazi zake zilinuka gesi na samaki mkavu. Mwenye nyumba alikuwa na mama yake, kizee kilichotoka kaskazini, kinachoogopa ngazi na kushinda mbele ya televisheni tangu asubuhi. Mimi nilishinda naye. Wenyeji wa mji ule wana Kikantoni chao, nacho sikukijua ila matusi na bei, lakini kabla mwaka haujaisha nilikuwa nasema Kichina cha televisheni, kile cha wasoma habari, kila neno limekaa sawasawa.

Hapo ndipo baba alipogundua kwamba ana mali ndani ya nyumba. Yeye Kichina chake kilikuwa maneno mawili, "ghali" na "rafiki," na hilo la pili alilitumia zaidi. Wenziwe wa Dar na Unguja walinunua kwa kuonyesha vidole. Baba alikuwa na mimi. Tulikuwa tukiingia Shisanhang asubuhi, kwenye ile mitaa ya nguo za jumla ambako mabunda yanapita kichwani mwako na wasukuma mikokoteni wanakupigia kelele ujibanze ukutani, na katika kila duka alinipandisha juu ya kigoda, baina yake na laoban. Ndivyo wanavyowaita mabosi kule. Masharti yalikuwa mawili tu: nisiongeze na nisipunguze. Siku moja alinituma nimwambie mama mmoja muuza sidiria kwamba duka la jirani limetupa bei ya chini zaidi, na mimi nilijua hatukuingia duka lolote la jirani. Nikasita.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Mjumbe hauawi. Maneno yana mwenyewe, wewe ni mdomo tu."

Nililichukua neno lile kama mtoto anavyolichukua. Chuoni, nilikosomea Kurani, nilifundishwa kwamba malaika wawili wamekaa mabegani wanaandika, mmoja mema na mmoja mabaya. Basi niliamini kabisa kwamba nikipanda kile kigoda, yule wa kushoto anaweka kalamu chini na kupumzika, kwa kuwa anayesema si mimi. Nikishuka, anaiokota. Nilimwonea hata huruma kwa kazi yake ya kukatizwakatizwa. Nikawa mkalimani hodari, na fahari yangu haikuwa na mfano.

Duka la kofia la Bwana Lin lilikuwa ghorofani, juu ya wauza suruali. Alitoka Taiwani, mtu mrefu, bega la kulia limeshuka chini kuliko la kushoto, na alikuwa na mafundi wanne wa kike nyuma ya pazia wakishona kofia zenye ukingo wa mbele. Yeye naye hakujua Kikantoni. Wauza suruali walimcheka akipita, na alijua wanamcheka. Aliponisikia namsalimia kwa sauti ya msoma habari, alicheka mpaka akakaa. "Huyu ni ami yako," baba akaniambia siku hiyo hiyo, maana alikuwa mwepesi wa kugawa ujamaa palipo na faida. Kwa Kichina nikamwita shushu, ambalo ni ami vilevile, lakini mimi nilikuwa simfanyii biashara.

Tangu hapo baba akawa ananiacha pale. "Kaa kwa ami, nakwenda Yide Lu mara moja," anasema, na mara moja yake hiyo, ya kutafuta madaftari na midoli ya kujazia kontena, ilifika alasiri. Ukutani kulikuwa na picha ya wanaume ishirini na kitu, wamesimama safu mbili, wote wamevaa jaketi za buluu na kifuani kila mmoja ana ndege wa dhahabu mwenye miguu mirefu.

"Shushu, hawa ni askari?"

"Ni timu ya besiboli," akasema. "Korongo. Na huyu ni mimi."

Alikuwa mrushaji. Alinieleza kwa gongo na kopo la uzi: mrushaji anasimama katikati, anamrushia mpira mtu mwenye gongo, naye akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale pale alipoanzia, napo panaitwa nyumbani. Nikauliza kama mtu anapataka nyumbani, kwa nini aliondoka. Alicheka, halafu akaniangalia kidogo. "Muulize baba yako," akasema.

Historia ya timu ile aliniletea kwa vipande, siku baada ya siku, huku akikagua mishono. Ilianza kiwandani. Kulikuwa na tajiri wa nyuzi aliyependa mchezo, akakusanya vijana waliokuwa wakibeba marobota, wakawa wanabeba asubuhi na kucheza jioni, kwenye uwanja ambao ilibidi kwanza wafukuze nyati wa mkulima jirani. Halafu ikaja ligi ya kulipwa. Tajiri akawavua mabuti ya kiwandani na kuwavisha jaketi zile. Mwaka wa kwanza walishika mkia. Mwaka wa pili mkia tena, na watu wakawaita bata. Mwaka wa tatu wakachukua ubingwa, mvua inanyesha, Lin amerusha mpaka bega limevimba, na nahodha wao, mtu aliyekuwa haogopi chochote, akalia mbele ya kamera kama bibi harusi. Mimi nilikuwa nadhani timu ingali ipo. Nilidhani Shushu yuko likizo, na siku moja watamwita.

Sasa nije kwenye adhuhuri ile. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, tuko dukani kwa Lin, na baba akaniambia nimwombe pahala pa kusali. Lin alifungua stoo, akakung'uta kitambaa cha bitana kipya akakitandika mwenyewe sakafuni. Baba alitia udhu kwenye bomba ambalo mafundi walioshea vikombe, akaingia. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika viatu vyake. Alisali vizuri, rakaa nne, hakuharakisha. Alipotoa salamu kuliani macho yake yakaangukia boksi lililopasuka, na salamu ya kushoto sijui kama aliimaliza. Aliinuka akaingiza mkono ndani ya boksi akatoa jaketi ya buluu. Akaipindua, akavuta mshono, akanusa kitambaa. Maboksi yalijaa mpaka darini.

"Muulize bei gani."

Nikauliza. "Haziuzwi," Lin akajibu.

"Mwambie Guangzhou hakuna kisichouzwa."

Nikasema. Lin aliichukua jaketi mkononi mwa baba kwa adabu, akaikunja. Akaeleza kwamba timu haipo. Tajiri wa nyuzi aliivunja, na badala ya kiinua mgongo kila mchezaji alipewa maboksi ya jaketi ambazo mashabiki walikuwa hawanunui tena. Wenzake waliziuza kwa bei ya matambara. Yeye alipita akizinunua tena moja moja, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kumwona korongo kwenye kifua cha mlevi. "Labda ningepata watoto," akasema. "Watoto wanaocheza. Hapo ningezitoa."

Nami, bila ya kuongeza wala kupunguza, nikamfasiria baba yote. Nimelifikiria hilo kwa miaka: ni mimi niliyempa ufunguo.

Baba alijipangusa ndevu. "Mwambie tunao watoto," akasema.

"Watoto gani, baba?"

"Wewe mwambie. Kisiwani kwetu, watoto wanautaka mchezo huu, hawana nguo wala vifaa. Mwambie yatima."

"Yatima wa wapi?"

"Mjumbe hauawi. Sema!"

Nikasema. Maji ya udhu yalikuwa hayajamkauka ndevuni. Lin alikaa juu ya boksi, akaniuliza mimi, si baba, kama watoto wale wako kweli, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwa sababu baba alikuwa ananitazama. Akasema kwa watoto hachukui hata senti. Jioni yake mafundi walizishusha jaketi zote chini, pamoja na magongo, mipira na glavu ndogo ambazo Lin aliziagiza mchana ule kwa rafiki yake. Baba alininunulia muwa uliomenywa na kukatwa vipande, akatembea mbele yangu akipiga mluzi.

Jaketi hazikufika Unguja. Ziliishia Kariakoo, na kutoka hapo zikapanda Njombe na Mbeya kwenye baridi, zikavaliwa na wapakia viazi na matingo wa malori. Magongo yalichukuliwa na walinzi wa maduka, maana hakuna mwizi anayelipenda gongo la namna ile. Nayajua haya kwa kuwa baba aliyasimulia kwenye simu mbele yangu, akicheka, akimwita Lin mzee wa ndege.

Kama ingeishia hapo ningemtupia yeye yote na kulala usingizi. Lakini wiki kadhaa baadaye, baba yuko Yide Lu, Lin alinimiminia chai akaniuliza, "Wameanza?"

Baba hakuwepo. Sikuwa juu ya kigoda. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye vipande vya kitambaa, na ningeweza kusema sijui. "Wameanza, Shushu," nikasema. Uso wake ulifunguka, na kusema kweli hakuna mtu mwingine katika mji ule ambaye uso wake ulifunguka kwa sababu yangu. Baba alinihitaji dukani, akinirudisha chumbani ananisahau. Basi nikaendelea. Nikamtunga Mwinyi, mrushaji, mtoto wa mkono wa kushoto, anayecheza pekupeku, bibi yake anauza mbatata. Nikatunga wenzake. Nikawapa uwanja wa Mnazi Mmoja, na badala ya nyati nikaweka mbuzi. Niliwafanya washindwe mechi ya kwanza na watoto wa Pemba, wakashika mkia, wakaitwa bata. Nilimwibia historia ya timu yake na kumrudishia mwenyewe, naye hakuona, au hakutaka kuona. Aliandika matokeo kwenye daftari. Wiki nikichelewa kwenda, alikuwa ananiuliza kabla sijavua viatu.

Alikuwepo Mkongo mmoja, Papa Dieudonné wa Lubumbashi, mnunuzi wa kofia, mtu wa kanisani. Kichina hakujua, lakini alisikia majina ya kwetu yakipita katika mazungumzo yangu, na aliona Lin akionyesha picha ya ukutani kila yanapotajwa. Siku moja alinivuta ngazini. "Weye mutoto, ile équipe, ile timu ya Zanzibar unamusimuliaka huyu muzee, iko kweli?"

"Iko, Papa."

"Mungu anakuona, petite. Mambo ya bakubwa, baachie bakubwa."

Nilimchukia wiki nzima.

Jioni moja ya mvua Lin alinieleza kwa nini timu ilivunjwa. Walikuja wacheza kamari, akasema, na vikapu vya matunda, na chini ya matunda kuna bahasha. Walitaka timu ishindwe siku wanazozitaka wao. Wengine walichukua mara nyingi, yeye mara moja. Mechi moja tu, alirusha mpira polepole, pale anapojua utapigwa. Mashabiki waliona amechoka. Alipotolewa uwanjani walisimama wote wakampigia makofi, na mzee mmoja akamwambia pole mwanangu, umejitahidi. "Wangenirushia mawe ningelala," akasema. Baadaye siri ilifumuka, viwanja vikabaki na wauza karanga wengi kuliko watazamaji, na tajiri akasoma karatasi ya mistari michache katika ukumbi wa hoteli, Korongo wakawa wamekwisha.

Mtoto mwenye imani angelia pale pale na kusema yote. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Mimi nilimwonea huruma, na kwa huruma hiyo nikampa ushindi: nikasema Mwinyi na wenziwe wamewafunga Pemba. Lin alisimama, akafungua mtoto wa meza na kutoa glavu yake mwenyewe, ya ngozi, nyeusi kwa jasho la miaka. "Hii ya Mwinyi," akasema. "Mpe baba yako aipeleke."

Baba hakumjua Mwinyi. Sikuthubutu kumpa. Niliificha chini ya godoro langu, na usiku nilisikia harufu ya mafuta na ngozi ikipanda, nikageukia ukutani. Hata leo siwezi kuingia duka la viatu vya ngozi nikakaa.

Ukaja mwaka mpya wa Kichina, maduka yakafungwa. Lin aliaga anakwenda kwao kumwona mama yake. Zikapita wiki tatu. Siku alipofungua tena, baba alikuwa na haraka ya kuagiza kofia kwa ajili ya Idi, tukawa wa kwanza kupanda ngazi. Lin alikuwa amekaa peke yake, amekuwa mweusi wa jua, pua inabambuka ngozi. Mbele yake mezani kulikuwa na kifuko cha karafuu.

Baba aliiona kabla yangu. Karafuu haifichiki. "Muulize hii kaipata wapi," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Sikuwa na haja ya kuuliza. "Nimetoka kwenu," Lin akasema. "Nilikaa siku tisa. Mnazi Mmoja nilipafahamu mwenyewe, kama ulivyonielekeza."

Nikafasiri. Baba alishika ukingo wa meza. Mimi nilipanda kwenye kigoda kwa mazoea, nikijiambia mimi ni mdomo tu, ni mdomo tu.

Lin alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Mwambie baba yako nimewaona watoto," akasema polepole, kwa Kichina safi cha msoma habari, ili nisikose hata neno. "Wanacheza vizuri. Jaketi zimewakaa. Yule Mwinyi amekua, na glavu yangu haivui hata akila."

Glavu ilikuwa Xiaobei, chini ya godoro langu. Nilikuwa nimeilalia usiku wa kuamkia siku ile.

"Anasemaje?" baba akauliza. "Anasemaje, wewe!"

"Anasema amewaona. Anasema wanacheza vizuri. Anasema Mwinyi amekua."

"Mwinyi ndiye nani?"

"Mtoto mmoja tu."

Baba alipumua, halafu akacheka, kile kicheko chake cha simuni. "Subhanallah. Mzee wa ndege kaonyeshwa watoto wa watu huko, kaamini." Akampiga Lin begani, kwenye lile bega lililoshuka. "Rafiki!" akasema kwa Kichina, kwa sauti kubwa. Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie Mungu amlipe. Mwambie watoto wale hawatamsahau."

Nimeshamsamehe baba kunitoa kwa mama yangu, na skuli niliyoikosa, na michana mirefu yote ile. Kicheko kile sijakisamehe, na wala sitamani.

Nikamwambia Lin, bila ya kuongeza wala kupunguza: Mungu akulipe, watoto wale hawatakusahau.

Alikiondoa kifuko cha karafuu mezani, akakiweka chini ili apate pa kuandika oda. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kuandika.

"Hayo ni maneno ya baba yako," akaniuliza, "au yako?"

"Ya baba," nikasema.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomwambia tangu alipoanza kuniuliza habari za watoto wale, na niliona usoni kwake kwamba hakuliamini.